Ndoo Tupu ya Somoe

Mwanangu,

Kesho alfajiri Mwalimu Mroso, anayetufundisha Kiswahili, anapanda basi la Dar es Salaam. Ndani ya begi lake utakuwa wewe, kurasa zako zote zimepigwa chapa pale steshenari ya mjini Nachingwea, zimetobolewa matundu mawili pembeni na kufungwa kwa kamba ya kiatu changu cha shule. Jumatatu nitavaa raba.

Wewe ni hadithi. Nalisema hili mapema, ili mtu akiikuta barua hii ndani ya daftari langu asikimbie kwa matroni kusema kwamba mwanafunzi wa kidato cha nne ana mtoto. Nina miaka kumi na saba, na watoto nilionao ni wewe na kaka yako aliyekutangulia, ambaye habari zake nitakupa.

Huko unakokwenda kuna mhariri aliyesoma na Mwalimu chuoni. Amekubali kukusoma. Zaidi ya hapo hajakubali kitu, nami sikumwomba kitu zaidi. Siogopi akusome. Nimekusikiliza ukisomwa mara nyingi kuliko nilivyosikiliza jina langu, na najua kwamba unasimama.

Lakini bado sijui kama utaondoka. Ijumaa rafiki yangu Somoe alipata ruhusa ya kwenda kwao Kilimarondo kuchukua unga, akakubeba, yaani alibeba daftari nililokuandikia kwa mkono, ili akakusome mbele ya baba yake. Baba yake akisema hapana, huendi. Nilimwambia Mwalimu hivyo, nikitazama viatu vyake. Akajibu, "Basi linaondoka saa kumi na mbili. Begi nitaliacha zipu wazi."

Sasa ni Jumapili, baada ya saa nane. Wenzangu wanafua. Mimi nimekaa kitandani bwenini, nakuandikia huku nikisikiliza lango.

Siku nilipoondoka nyumbani Nambilanje kuja kuanza shule hapa, mama alinisindikiza mpaka barabarani. Nilitegemea aniambie nisome, nisali, nisiazimane nguo. Hakusema hata moja. Alisema, "Dada yako alipoondoka nilimpa maagizo mengi, mpaka gari likaondoka sijamtazama uso." Halafu akanitazama tu, muda mrefu, mpaka nikaona haya. Kwa hiyo nami sitakuambia ujitambulishe vipi kwa wageni. Nitakueleza nilikokosea, kwa kuwa karibu kila ukurasa wako una kosa langu chini yake.

Kaka yako nilimwandika nikiwa kidato cha pili. Yeye niliamua azaliwe Dar es Salaam, mahali ambapo sijawahi kufika hata kwa ndoto. Nilidhani hadithi za maana hutokea huko tu, na kwamba kwetu hutokea kilimo. Nilimjaza maghorofa, magari meusi na mwanamke aliyevua miwani kila alipokasirika. Nilimpa Zuhura amsome, yule tunayelala naye kitanda cha juu na cha chini, ambaye shangazi yake anaishi Mbagala na kila likizo huenda huko. Alisoma kurasa nne akaanza kucheka hadi akashika tumbo.

"Wewe! Huyu tajiri wako anasukuma mlango wa lifti kwa bega?"

"Kwani haisukumwi?"

"Inafunguka yenyewe, jamani! Atavunjika bega bure!"

Hata hivyo nilimtuma kwa gazeti moja, na gazeti halikujibu. Nililia siku mbili, kisha nikaona kwamba hata mimi nisingejibu. Kaka yako yuko chini ya godoro. Simchukii. Alinifundisha kwamba msomaji hukupa imani yake yote siku ya kwanza, kisha huirudisha mfukoni kidogo kidogo, kila anapokukuta umesukuma mlango usiosukumwa.

Wewe nikaamua uzaliwe huku huku. Baba, binti yake na shamba la mahindi linalopakana na pori. Tembo wanakuja. Hayo nayajua, au nilidhani nayajua.

Mimi sauti yangu hainitoki mbele za watu. Darasani swali likija kwangu, jibu ninalo, lakini linakaa kooni mpaka Mwalimu anahamia kwa mwingine. Kwa hiyo nisingethubutu kukusoma kwa mtu. Zuhura ndiye aliyekutoa chini ya mto wangu bila kuniuliza, akaenda nawe kwenye foleni ya maji.

Mabomba ya bweni yalikuwa yamekauka tangu mwanzo wa muhula. Tulichota kwenye pampu ya mkono iliyo nje ya uzio wa shule, pamoja na kina mama wa mtaani. Foleni ile ilikuwa ndefu na hasira zake zilikuwa ndefu zaidi. Zuhura akapanda juu ya tofali, akafungua ukurasa wa kwanza, akaanza. Mimi nilijificha nyuma ya ukuta wa pampu.

Ulikuwa unaanza na mapambazuko. Nilikuwa nimeyapenda sana mapambazuko yale. Yalichukua kurasa mbili na nusu, na kila wingu lilikuwa na sifa yake. Zuhura alifika nusu ya ukurasa wa pili, akageukia ukuta akapaza sauti:

"We mwenye hadithi! Jua lako hili linachomoza mpaka lini? Watu wana ndoo hapa!"

Foleni nzima ikacheka. Kisha, kwa kuwa Zuhura hana aibu, akaruka mapambazuko yote, akasoma sentensi uliyokuwa nayo ukurasa wa tatu: "Mahindi yalikuwa yamebakiza siku nne yavunwe, na baba alikuwa ameshayauza moyoni."

Mama mmoja aliyeshika ndoo ya bluu akasema, "Siku nne? Mungu wangu, hayafiki hayo." Zamu yake ilipofika hakusogea. Aliwapisha waliokuwa nyuma yake. Wawili. Watatu.

"Mama, ndoo!" wakamwambia.

"Piteni, piteni. Nataka kujua mahindi."

Mwanangu, nikiishi miaka mia sitasahau ndoo ile ya bluu. Mapambazuko niliyakata siku hiyo hiyo. Si kwamba yalikuwa mabaya. Yalikuja kabla mtu hajawa na kitu cha kupoteza, na mtu asiye na cha kupoteza hatazami jua, anachota maji yake anaondoka.

Tangu hapo nikawa na namna yangu ya kufanya kazi. Zuhura anasoma jioni foleni inapokuwa ndefu, mimi niko nyuma ya ukuta na nakala ya ukurasa huo na penseli. Kila mtu anapoondoka naweka alama pembeni mwa mstari uliokuwa unasomwa. Bwenini nakaa na mistari ile yenye alama. Mahali penye alama nyingi napunguza, au napaamsha. Niliona kwamba watu wanaondoka mhusika anapoanza kueleza anavyojisikia, na wanabaki anapotafuta kitu asikipate. Niliona kwamba maneno magumu niliyoyakariri kwenye kamusi yaliwafanya kina mama watazamane, wengine wao nyumbani wanaongea Kimwera na Kimakonde, na kwamba neno jepesi likikaa mahali pake lilifika kwao bila kupoteza hata tone. Nikajiona fundi. Nikadhani penseli yangu haikosei.

Hapo ndipo nilipokukosea wewe, na kumkosea mtu.

Somoe kitanda chake kiko karibu na changu. Tulipokuwa kidato cha kwanza alichelewa kuripoti wiki tatu, kwa kuwa tembo walikula shamba la kwao na nauli ikaliwa pamoja na mahindi. Siku moja kabla ya chakula cha jioni alianza kunisimulia. Walikuwa juu ya dungu, ule ulingo wa miti tunaoujenga shambani ili kulinda mazao, yeye na baba yake. Tembo wakaingia. Alisema, "Baba akashuka dunguni akakimbia. Mimi nikabaki juu peke yangu." Kengele ya chakula ikalia. Akainuka, na mimi nikainuka. Sikumuuliza mwisho wake, siku ile wala siku nyingine.

Miaka miwili baadaye nikakuandika wewe. Nikambadilisha jina yule baba, nikahamisha shamba kutoka Kilimarondo nikaliweka Marambo, nikadhani nimemficha. Nani angejua? Bweni zima lilijua. Aliyechelewa kuripoti kwa ajili ya tembo alikuwa mmoja tu.

Zuhura aliposoma sehemu ile, baba anashuka, anakimbia, binti analia juu ya dungu, Somoe alikuwa kwenye foleni. Nilimwona kwa tundu la ukuta akiinama, akachukua ndoo yake, akaondoka. Nikaweka alama, nikaandika pembeni "S." Nikafikiri: hapa panachosha. Jioni ile nikapaamsha. Nikamfanya baba ageuke, amwone mtoto wake amenyoosha mikono, kisha aendelee kukimbia, kiatu kimoja kikimtoka.

Kesho yake foleni ilinguruma. "Mwanaume gani huyu!" "Angekuwa wangu angelala jikoni na paka!" Mama wa ndoo ya bluu alitema mate chini. Hakuna hata mmoja aliyechota maji. Ukurasa mzima haukuwa na alama, na mimi nyuma ya ukuta nilijiziba mdomo kwa furaha. Nilikuwa nimepata ninachokitafuta.

Siku ya tatu Zuhura alikataa kusoma. Alinirudishia daftari kitandani, hakukaa.

"Umemwona Somoe pampuni?"

"Hajaja. Nadhani hapendi hadithi."

"Hapendi hadithi! Wewe una macho ya kuandikia tu, ya kuonea huna? Somoe anachota kule bondeni, anatembea nusu saa na ndoo kichwani."

"Kwa nini?"

"Kwa sababu baba yake anatukanwa kila siku pale pampuni, na aliyemleta atukanwe ni wewe."

Alipoondoka nilifungua daftari nikatafuta ile alama. Nikaitazama muda mrefu, na ndipo nilipokumbuka nilichokiona kwa tundu la ukuta na kukiacha. Wote waliowahi kuondoka waliondoka na ndoo zimejaa. Mtu akichoka na hadithi anachota, anakwenda zake. Somoe alibeba ndoo yake ikiwa tupu.

Nilikwenda bondeni. Njiani nilitunga maneno mazuri ya kuomba msamaha, na nilipomwona yote yakakwama pale pale yanapokwamaga. Alikuwa na ndoo mbili. Nikachukua moja.

"Umekuja kuandika ninavyochota?" akaniuliza.

"Nimekuja kubeba."

Tukatembea. Maji yalinimwagikia shingoni. Kwenye kilima akasema bila kunigeukia, "Siku ile kengele ililia kabla sijamaliza. Hukuniuliza."

"Sikuuliza."

"Kwa nini?"

Ningeweza kusema nilisahau. "Kwa sababu nilishapata nilichokuwa nakitaka."

Akatua ndoo. Nilidhani atanimwagia. "Angalau hilo hujalitunga," akasema.

Kisha akanisimulia iliyobaki. Tembo mkubwa alikuwa anajikuna kwenye mguu wa dungu, na dungu lilikuwa linalia. Baba yake alishuka upande wa pili, akaanza kupiga bati na kupayuka, akakimbilia porini, upande ambao hakuna mtu mwenye akili angekimbilia, ili wamfuate yeye. Wakamfuata. Alirudi jua limeshatoka, miguu yote imechanwa. Mahindi yaliisha vile vile.

Mwanangu, nilikuwa nimekaa miaka miwili hatua tatu kutoka kwenye hadithi iliyo bora kuliko yangu, na kilichonizuia kuipata ni kutouliza, "Halafu?" Neno ambalo nataka kila msomaji aniulize mimi, sikumuuliza Somoe.

Nikakuandika upya, na huko nako nikakosea. Nilikuwa na aibu, na aibu si kalamu nzuri. Nilimfanya baba shujaa. Alishuka dunguni kifua mbele, alitabasamu, alimwambia binti yake maneno yanayofaa kuandikwa ukutani. Zuhura akakubali kusoma tena, na Somoe akakubali kuwepo. Watu walisikiliza kwa adabu. Wakachota maji. Mama wa ndoo ya bluu akasema, "Mzuri huyo baba. Lakini simwamini," akajitwika. Nikaweka alama, sikujua nifanye nini nayo. Nilikuacha hivyo, na hivyo ndivyo ulivyopigwa chapa.

Nilipompelekea Mwalimu kurasa zako nilimweleza habari ya Somoe, kwa kuandika, kwenye karatasi. Aliisoma mara mbili. Yeye ametoka Kilimanjaro, amefundisha hapa miaka mingi, na hakuna aliyejua kwamba kabatini kwake kuna hadithi ndefu aliyoiandika akiwa kijana.

"Niliitoa kwenye ndoa ya kaka yangu," akaniambia. "Wahariri waliirudisha. Hilo halikuniuma sana. Kaka yangu aliisoma, na mpaka leo salamu yangu haiitikii." Akafunga kabati. "Watu wanadhani mwandishi ni yule aliyetoa kitabu. Kitabu kinaweza kurudishwa mara kumi, ukaandika kingine. Lakini unahitaji watu ambao bado wanakusimulia. Wakinyamaza wao, umekwisha."

Ndiyo maana anaacha zipu wazi.

Na ndiyo maana nilimwomba Somoe akupeleke. Baba yake Kiswahili anakisikia kidogo, nyumbani wanaongea Kimakua, kwa hiyo Somoe alisema atakusoma na kumtafsiria. Nilimwambia, "Usimpunguzie." Akaniambia, "Nipunguze ili iweje?"

Mhariri akikurudisha, sitalia siku mbili. Nitakutazama ulipokosea, nitakutuma kwingine. Wakati huo huo nina daftari jipya, na mdogo wako ameshafikisha kurasa tatu. Zinahusu mama mwenye ndoo ya bluu. Safari hii nilikwenda nikamwuliza kwanza, kwa sauti yangu mwenyewe, ingawa ilibidi aseme "Eeh?" mara mbili. Sidhani kama kuna njia nyingine ya kuwa mwandishi. Unamaliza mmoja, unaanza mwingine, na unaendelea kupita pampuni bila kujificha.

Nasikia lango. Naiacha kalamu.

*

Nimerudi. Jua limeshuka kidogo tu, lakini mengi yamepita.

Alikuwa yeye, kiroba cha unga kichwani, daftari chini ya kwapa. Nikampokea unga. "Pole na safari." "Nishapoa." Akakaa kitandani, akavua viatu, akakung'uta vumbi, mguu mmoja kisha mwingine. Nadhani alifanya makusudi.

"Somoe."

"Naam."

"Alisikiliza?"

"Alisikiliza yote. Mama naye. Halafu majirani wakaja, ikabidi nianze upya."

"Akasemaje?"

"Alicheka."

Nikakaa sakafuni.

"Alisema huyu mtu si yeye," Somoe akaendelea, na sasa alikuwa ananitazama. "Alisema, huyu haogopi. Mimi niliogopa mpaka jina langu nikalisahau. Nikamwambia, baba, rafiki yangu ameona haya, ndiyo maana amekufanya hivyo. Akasema, mwambie huyo mtoto aandike kwamba niliogopa. Asipoandika, watu watadhani ni kitu rahisi, na siku moja mtu mwingine atashuka."

Somoe akaongeza, "Na mama anasema lile si bati. Lilikuwa sufuria lake la harusi. Anasema uandike, baba asije akajifanya amesahau."

"Kwa hiyo, hadithi iende?"

"Iende ikiwa hivyo."

Tulikimbia sote wawili mpaka nyumba za walimu. Mwalimu alikuwa anapiga pasi shati la safari. Alionyesha begi kwa kidole, na zipu ilikuwa wazi. Nilifungua kamba ya kiatu, nikatoa ukurasa ule, nikafuta kifua mbele, nikafuta tabasamu, nikafuta maneno yote ya ukutani. Mahali pa bati nikaandika sufuria. Halafu Somoe akashikilia karatasi isitingishike, nami nikaandika pembeni kwa kalamu ya bluu, kwa mwandiko ambao mhariri ataona haufanani na chapa:

"Aliogopa mpaka akasahau jina lake. Akashuka."

Ukifika huko, mwanangu, wakikuuliza mahali ulipo imara, wapeleke kwenye ukurasa ule wenye mkwaruzo wa kalamu. Kurasa zilizobaki nimezitunga vizuri, sina wasiwasi nazo. Pale umepewa.

Sasa naomba uniwie radhi nimalizie hapa. Foleni ya jioni imeanza, nasikia pampu ikilia. Somoe amesimama mlangoni na ndoo yake tupu, anauliza kama nakuja au nimeota mizizi. Tunakwenda pampuni, hii ya karibu.

Mimi mama yako,
ambaye kesho atakuwa amevaa raba.